Dawa Aliyoichukua Mtani

Mama yangu alikuwa na dawa moja tu. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari hii hudhani nilizaliwa na mganga, nyumba imejaa tunguri na wagonjwa wamejipanga uani. Hapana. Mama alikuwa mkulima wa korosho na mihogo kule Nyangamara, mtu wa swala tano na maneno mengi, na dawa yake ilikuwa ya donda ndugu, lile donda la mguuni linalokula nyama na kunuka mpaka mwenye mguu anatengwa na wenzake. Ilitoka kwenye mizizi ya kichaka kimoja cha Rondo. Bibi, mama yake Mama, alizaliwa huko na ndiye aliyekuja na dawa hiyo alipoolewa. Magome ya mizizi yanakaushwa juu ya moshi wa jiko, yanatwangwa, yanachekechwa, basi. Aliyekuja na donda alipakwa akaenda zake. Hakutozwa kitu, ila alikatazwa kuuliza ni mti gani. Bibi alikuwa amesema dawa ile haiuzwi wala haitoki nje ya ukoo, na kwetu Bibi akisema, amesema.

Ninaikumbuka miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kwa harufu. Kabla yake tulikuwa tukifulia majani ya mpapai na majivu, na sabuni ikionekana dukani watu wanaitana kama kuna msiba. Halafu siku hizo zikaisha. Sabuni zikaja za kila rangi, za kunukia, mpaka tukawa tunazinusa bila kuziogea. Mitumba ikaletwa na malori kutoka Lindi mjini, ikamwagwa chini kwenye turubai, na wanawake wa kijijini kwetu wakavaa makoti ya baridi kwenye jua la Oktoba na kuona raha. Wanunuzi binafsi wa korosho nao wakaja na mizani zao na maneno yao matamu. Kila aliyekuja alikuwa anatafuta kitu. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kufundisha shule ya msingi hapo hapo kijijini, bado naishi kwa Mama, na nilidhani dunia nzima imekata shauri kuhamia Nyangamara.

Mtu wa majani alikuja katika miaka hiyo. Alikuwa mtafiti wa chuo kikuu, bado kijana wa makamo, ana miwani na gari la serikali lililochoka. Kazi yake ilikuwa kukusanya mimea, kuibana katikati ya magazeti ya zamani na kuiandikia vijikaratasi. Siku ya kwanza alisimama uani kwetu akaomba maji ya kunywa. Mama akachota, akamkaribia na kata mkononi, kisha akamuuliza kabila lake. Yule bwana akasema yeye ni Mngoni wa Songea.

Mama akarudisha maji mtungini.

"Wangoni hawapewi," alisema. "Wangoni wananyang'anya."

Mgeni hakungoja ruhusa. Akampita Mama, akaingia ndani, akaubeba mtungi mzima na kunywa kwa mdomo wa mtungi, maji yakimtiririka mpaka kwenye kola. Kisha akajifuta akasema, "Maji ya watumwa wangu matamu." Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Sisi Wamwera na Wangoni ni watani. Babu zao waliwavamia babu zetu zamani, na damu ilipokauka walirithishana utani badala ya kisasi. Sijui nani alibuni jambo hilo, lakini alikuwa na akili kuliko wengi walioandika katiba. Mtani hukutukana na huwezi kukasirika. Mtani huingia nyumbani kwako akamchukua kuku, na ukimwita mwizi unamwita kwa kucheka, nawe kesho kutwa unakwenda kwake kuchukua mbuzi. Na kwenye msiba mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha, maana wafiwa wenyewe hawawezi.

Tangu siku hiyo yule mtafiti hakupita Lindi bila kufika kwetu. Nilikuwa nikisikia mlio wa gari lake nikiwa darasani, na nikirudi nyumbani nawakuta wawili hao wamekaa jikoni, Mama anamenya mihogo, yeye anamchokoza kwa maneno. Mama alimwamkia kwa sentensi moja miaka yote: "Mngoni, bado hujafa?" Naye akijibu, "Nife nimwachie nani mtumwa wangu mnene kama wewe?" Mama alikuwa amemzidi umri kwa kiasi cha kutosha, na mtu mwingine wa rika lile angemshika mikono na shikamoo. Huyu alimwita mla panya. Mama naye akiyaona majani yake yamelala ndani ya magazeti alimuuliza yamefika darasa la ngapi, na kama yameshajua kusoma habari za michezo.

Nikiri kwamba nilimpenda. Si mapenzi ya kike, bali vile mtu anavyompenda anayemfanya mama yake acheke. Baba alikuwa amefariki siku nyingi, na kicheko cha Mama kilikuwa kimekuwa cha nadra. Mtani huyo ndiye aliyekirudisha.

Dawa ya donda aliiona mapema, kitunga cha mizizi kikining'inia juu ya moshi, na aliwaona watu waliopona. Aliiomba. Mama akamnyima. Akaiomba safari nyingine, na nyingine. Ukawa mchezo wao. "Nipe mzizi mmoja tu nikaupime." "Kapime kichwa chako kwanza." Lakini chini ya mchezo kulikuwa na jambo la kweli, na wote wawili walilijua: Bibi alikuwa bado hai chumba cha pili, anasikia kila kitu.

Bibi akafa mwanzoni mwa masika, barabara zikiwa tope tupu. Hatukutegemea mtu wa mbali. Maiti ilikuwa bado ndani, inaoshwa, tulipomwona mtani anakuja kwa miguu, suruali imekunjwa magotini na viatu shingoni, gari ameliacha limekwama huko nyuma. Aliingia uani akiwa amejifunga kanga ya Bibi aliyoianua kambani. Akatembea kama Bibi, kiuno upande, mkono mgongoni. Akakohoa kikohozi chake kilekile. Akaanza kuwagombeza wanawake waliokuwa wanapika kwamba wali wao una mawe. Watu waliokuwa wakilia walianza kutetemeka mabega, ukashindwa kujua ni kilio au ni kicheko. Kisha akaingia jikoni, akakitungua kitunga cha mizizi, akajitwika kichwani.

"Nachukua urithi wangu," alitangaza. "Mtumwa akifa, mali ni ya bwana. Anayetaka kukikomboa alete kuku."

Ndiyo desturi. Mtani akichukua kitu msibani, wafiwa hukikomboa kwa chochote, kuku, kanga, hata sahani ya wali, naye hukirudisha. Wajomba zangu walimtazama Mama, maana sasa mwenye dawa alikuwa yeye. Mama alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, macho yamevimba, hajala tangu jana. Alimtazama yule mtu mzima, msomi, amevaa kanga ya marehemu na kitunga kichwani, naye akacheka. Alicheka machozi yakimtoka.

"Sina kuku," alisema. "Nenda nacho, mwizi mkubwa wewe."

Hivyo ndivyo dawa ilivyotoka nje ya ukoo. Nilikuwepo, na nasema haikuporwa. Mama aliitoa kwa njia pekee aliyokuwa nayo ya kuitoa bila kulivunja neno la Bibi: aliacha mtani aichukue. Watu wa kwetu waliokuwepo walielewa hivyo bila kuelezwa.

Mtani alikwenda Ulaya kusoma zaidi, akapotea kwa miaka kadhaa. Tulipata salamu zake mara moja moja kupitia maofisa wa misitu. Tukasikia ameikuta ndani ya mizizi ile dawa inayoua vijidudu vya vidonda, na kwamba wazungu wa kampuni moja ya madawa wameipenda. Mama alifurahi. Alikuwa akimpaka mtu anamwambia, "Hii unayopakwa imepanda ndege."

Kisha tukasikia kuna kesi.

Nilijaribu kumweleza Mama kwa kadiri nilivyoelezwa mimi. Kuna kitu kinaitwa hataza, nikamwambia, ni haki anayopewa mtu aliyegundua kitu, kwamba mwingine asikitengeneze wala kukiuza bila idhini yake. Chuo kikuu kinasema hataza ya dawa ni yake, kwa kuwa mtani alikuwa mwajiriwa wake, anatembea na gari lake. Mtani anasema dawa hakuipata kazini. Aliipata akiwa likizo, msibani, yeye kama yeye, na ana haki ya kushirikiana na anayemtaka. Ile kampuni ya Ulaya imeshanunua haki yake na inasimama upande wake. Sasa kila mmoja anataka kujua dawa ilimfikiaje.

"Na mti wenyewe kule Rondo umeambiwa kwamba una mwenyewe?" Mama aliuliza.

Nikamwambia aache mzaha, jambo ni zito. Mtani akishindwa atafukuzwa kazi.

"Hashindwi," alisema. "Mimi si nipo?"

Walimwita Lindi mjini, kwenye ofisi moja ya serikali, kutoa maelezo yake kwa kiapo. Wakili wa chuo alikuwa ametoka mbali kwa ajili hiyo, na mtani naye aliitwa awepo ili asiseme baadaye kwamba amesemwa kisogoni. Mama alivaa baibui yake mpya, akajipaka hina. Njia nzima alikuwa kama mtu anayekwenda harusini. Tulipofika niliambiwa nisubiri kwenye benchi barazani, kwa kuwa shahidi anaingia peke yake. Mlango ulifungwa, lakini madirisha yalikuwa wazi kwa joto, na baada ya muda nilisikia vicheko. Nilisikia cha Mama, nikasikia na vya wanaume. Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, mambo yamekwenda vizuri.

Alipotoka alikuwa anang'aa. Mtani alitoka nyuma yake, amevaa suti na tai, akatupita bila kusimama, na mimi nikadhani ana haraka. Mama alinisimulia yote tukitembea kwenda stendi, kwa furaha, akiigiza kila sauti.

Aliapishwa, akaapa. Alimkuta mtani amekaa kwenye kiti, amekonda, uso umemshuka, na roho ikamuuma. Hajamwona siku nyingi, na anamwona amekaa kama mtoto anayesubiri viboko. Akataka acheke. Wakili alipouliza kama alimpa dawa ile kwa hiari yake, Mama akamtazama mtani, siyo wakili, na kusema, "Nimpe Mngoni? Hawa hawapewi, hawa wanapora. Kaiba huyu, mbele ya maiti ya mama yangu, na watu wote wanaona." Chumba kizima kikacheka. Mtani mwenyewe alicheka. Wakili akicheka vilevile akauliza, "Kwa hiyo aliiba?" Mama akajibu, "Mwizi tangu kwa babu yake." Akaulizwa kama kabla ya hapo mtani aliwahi kumwomba akamkatalia. Akasema, "Mara ngapi? Nilimfukuza kama mbwa."

"Akanyamaza ghafla," Mama aliniambia. "Kwa kawaida hanyamazi yule. Nikajua leo nimempata."

Nilimuuliza kama wakili alikuwa anaandika. Akasema alikuwa anaandika sana, mtu mwenye bidii, na alipomaliza alimsomea, naye akaweka sahihi. Nilimuuliza kama mtani alisema chochote. Akasema ndiyo, alimwambia wakili kwamba huu ni utani, na wakili akajibu kwamba analijua hilo, na yeye ana watani wake.

Nilisimama barabarani. Mama akaniuliza nimeumwa na nini.

Mpaka leo nikimkumbuka wakili yule hasira hunipanda. Angekuwa mzungu ningemsamehe. Huyu alikuwa Mtanzania, mtu aliyezikiwa ndugu zake na watani, aliyejua vizuri alichokisikia. Alicheka kwa Kiswahili, akaandika kwa Kiingereza. Na maandishi hayana kicheko. Karatasi zile zilisomwa huko Ulaya na watu waliovaa nguo nyeusi, na walichokiona ni mama mjane aliyeibiwa mali siku ya msiba na mtu aliyemfukuza kama mbwa. Ile kampuni iliogopa jina lake kuchafuka, ikajitenga na mtani. Ikaenda kukaa meza moja na chuo, wakagawana hataza kati yao. Wanasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Mimi nimeona tembo wakikumbatiana, na nyasi zikaumia zaidi. Mtani alifukuzwa, na jina la mwizi likatangulia kila alipoomba kazi nyingine.

Mama alipoelewa, hakulia. Alipanda gari la korosho peke yake kwenda Lindi, akaingia ofisi ileile, akasema amekuja kuyarudisha maneno yake. Karani akamwambia kwa heshima kwamba maelezo yale yalitolewa kwa kiapo. Kama sasa anasema siyo ya kweli, basi aliapa uongo, na hilo lina jela yake. Mama akamwambia siyo ya uongo. Karani akamuuliza, basi ni ya kweli? Akasema siyo ya kweli pia. Karani akamshauri arudi nyumbani akapumzike. Aliporudi alikaa jikoni akarudia mazungumzo hayo mara kwa mara, akitafuta neno ambalo angelisema.

Zilipita korosho za misimu kadhaa. Tukaja kusikia mtani yuko Kilwa Masoko, amefungua duka la dawa. Zilikuwa siku ambazo maduka hayo yalichipuka kila mahali, kila mwenye cheti na kabati la vioo akipata kibali. Mama akasema anakwenda, nami nikaomba ruhusa shuleni kumsindikiza. Alijiandaa kwa safari ile kuliko ya Lindi. Alikaanga korosho, akafunga na unga wa muhogo, na ndani ya basi nilimwona midomo inacheza. Nilidhani anasoma dua. Alikuwa anapanga matusi. Alinijaribia moja, la babu wa Kingoni aliyekimbia akasahau ngao, akaniuliza kama linatosha. Nikacheka, nikamwambia linatosha.

"Akinijibu tu," alisema, "yatakuwa yamekwisha."

Duka lilikuwa dogo, safi, limepakwa rangi ya bluu, karibu na soko. Alikuwa anamhesabia mteja vidonge vya malaria. Nywele zilikuwa zimeanza mvi. Mama alisimama mlangoni, akajishika kiuno, na kwa sauti ya miaka yote akasema, "Mngoni, bado hujafa?"

Aliinua uso. Alimaliza kuhesabu vidonge, akamkabidhi mteja, akamweleza vya asubuhi na vya jioni. Kisha akatoka nyuma ya meza, akajifuta mikono, akainama kidogo.

"Shikamoo, Mama," alisema. "Karibuni sana. Poleni na safari."

Mama akashusha mikono kutoka kiunoni. Hatimaye ilibidi aseme marahaba, maana mtu akikuamkia utafanyaje.

Alituletea viti. Alimtuma jirani soda baridi. Akauliza hali ya Nyangamara, akauliza bei ya korosho, akaniuliza mimi habari za shule na kama nimeolewa. Hakukuwa na kitu cha kumlaumu. Mama akamrushia lile tusi la ngao. Mtani alitabasamu, tabasamu lile la mwenye duka, akasema, "Wazee wetu walikuwa na mambo." Mama akaomba msamaha wazi, kwa maneno ya kawaida, akilia. Mtani akamwambia asijali hata kidogo, ni mambo ya Mungu, yeye hana kinyongo. Zile korosho alizipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Alitusindikiza mpaka barabarani, akambebea Mama mkoba, akasimama pale mpaka gari letu lilipoondoka.

Nangurukuru tulishuka kusubiri basi la Lindi. Nilinunua mahindi ya kuchoma, Mama hakuyagusa. Nikamwambia kwamba amempokea vizuri, na kwamba nimemsikia kwa masikio yangu akisema amemsamehe.

"Hajanisamehe," Mama alisema. "Angenisamehe angenitukana."